Kalamu ya Kukata Majina: Mhadhara Kuhusu Mgombea wa CCM wa 2030

Asanteni. Walimu wangu, ndugu wanahabari, na ninyi wanafunzi mliojibana huko mlangoni kama mnaowahi daladala, habari za mchana.

Aliyenialika aliniambia kwenye simu, "Mzee, usituletee nadharia, tuletee majina." Majina ya wanaoweza kugombea urais kwa CCM 2030 ninayo na nitayataja. Ila nianze na jina moja la zamani. Mwanzoni mwa 1984, ukiuliza nani atamrithi Mwalimu Nyerere, wengi wangekujibu Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati ule, bila hata kuvuta pumzi. Aprili 12 mwaka ule Sokoine alikuwa njiani kutoka Dodoma, gari lake likapata ajali pale Dakawa, Morogoro, na hesabu za nchi nzima zikafutika. Mwaka uliofuata majina yaliyokuwa mezani yalikuwa Rashidi Kawawa, Salim Ahmed Salim na Ali Hassan Mwinyi. Akachukuliwa Mwinyi, ambaye urais wa Zanzibar wenyewe aliupata Januari 1984 tu, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu. Ungemtaja Mwinyi mwaka 1983, wangekucheka kijiweni.

Mimi kazi hii ya kubashiri nimeifanya miaka mingi, na nimekosea zaidi ya nilivyopatia. Baadaye nikagundua kosa langu: nilikuwa natazama wakimbiaji, chekeche silitazami.

Chekeche lenyewe mnalijua. Mwanachama anachukua fomu, anazunguka mikoani kusaka wadhamini, anarudisha fomu. Hapo ndipo kamera zilipo, na ngoma, na fulana. Kisha majina yanaingia vikaoni. Kamati Kuu inabakiza matano, Halmashauri Kuu inabakiza matatu, Mkutano Mkuu unapiga kura apatikane mmoja. Sisi tunaandika kurasa nyingi kuhusu Mkutano Mkuu kwa sababu ndiko tunakoruhusiwa kuingia. Kazi nzito hufanyika kwenye vikao ambavyo sisi tunavisubiri nje, tukinunuliana karanga.

Lakini haikuwa hivi siku zote. Julai 1995 Mkutano Mkuu ulikuwa na meno. Tatu bora walikuwa Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mzunguko wa kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Wakarudia, na Mkapa akapata 686 dhidi ya 639 za Kikwete. Kura 47! Wajumbe wa mabasi mawili madogo ndio walioamua nani akae Ikulu miaka 10. Ni kweli mkono wa Mwalimu ulikuwa mzito nyuma ya Mkapa, lakini hata mkono ule ulilazimika kuhesabiwa kura moja moja.

Nendeni 2005, ukumbi wa Chimwaga, Dodoma. Kikwete 1,072, Salim 476, Mark Mwandosya 122. Huu ndio mwaka pekee ambao yule aliyetajwa tangu mapema ndiye aliyepita, na alipita kwa sababu kundi lake, lile lililoitwa mtandao, lilikuwa limeshajipanga wilaya kwa wilaya. Somo ambalo vijana wengi wa chama walilichukua pale ni kwamba ukianza mapema unapata.

Edward Lowassa alianza mapema. Februari 2014 chama kikawafungia miezi 12 makada sita kwa kosa la kujipitisha kabla ya wakati: Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja. Mwaka 2015 makada 42 wakachukua fomu, 38 wakazirudisha. Miongoni mwao alikuwemo Makamu wa Rais aliyekuwa madarakani, Dk. Bilal, na Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, Mizengo Pinda. Wote wawili hawakufika hata tano bora. Lowassa naye hakufika. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka nje kupinga mbele ya waandishi: Sophia Simba, Adam Kimbisa na Emmanuel Nchimbi. Ukumbini kwenye Halmashauri Kuu wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa, mwenyekiti wao akiwa ameketi mbele yao. Nyimbo zikaisha, kalamu ikabaki pale pale. Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59.

Linganisheni sasa: kura 47 mwaka 1995, na asilimia 87 ya Magufuli mwaka 2015. Kadiri miaka inavyokwenda, uamuzi unapanda ngazi kuelekea vikao vidogo, na ukumbi mkubwa unabaki wa kushangilia. Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu uliitishwa Dodoma kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti. Ikatoka hoja ukumbini, na wajumbe wakampitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pale pale, kabla fomu hazijachukuliwa na mtu. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa Katibu Mwenezi wa chama, alipojiuzulu ubalozi Julai mwaka ule, utaratibu huo ulikuwa sehemu ya malalamiko yake. Yaliyofuata Oktoba 29, siku ya uchaguzi, hamhitaji kuhadithiwa na mimi. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 97.66, Chadema, chama kikuu cha upinzani, haimo kwenye karatasi, intaneti imezimwa, na kuna familia mpaka leo zina msiba. Siwezi kuzungumzia 2030 kama mchezo wa bahati nasibu nikaliruka hilo.

Kwa nini 2030 lazima awe mtu mpya? Someni ibara ya 40 ya Katiba. Makamu wa Rais anayeshika kiti cha urais kwa miaka mitatu au zaidi ya muhula wa mtangulizi wake anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Rais Samia aliapishwa Machi 19, 2021, baada ya kifo cha Magufuli, muhula ukiwa umebakiza zaidi ya miaka minne. Mara yake hiyo moja imeshatumika.

Haya, majina. Emmanuel Nchimbi ni Makamu wa Rais. Ndiye yule yule aliyetoka nje kupinga mchujo wa 2015, akaja kuwa Katibu Mkuu 2024, kisha mgombea mwenza. Na Wasira aliyefungiwa 2014 ndiye aliyechaguliwa Makamu Mwenyekiti Januari 2025, kwa hiyo ninyi mnaomfuta mtu kwa sababu alipewa onyo, futeni kwa penseli. Mwigulu Nchemba ni Waziri Mkuu, na kiti hicho kina historia ngumu. Msuya, Malecela, Salim, Sumaye, Lowassa, Pinda: wote walipita uwaziri mkuu, wote waliutafuta urais kupitia CCM, hakuna aliyeupata. Waziri Mkuu hugawa, hukemea, huvunja mikataba ya watu. Akimaliza ana wadai kila mkoa. Hussein Mwinyi, mwana wa Ali Hassan Mwinyi, anamaliza muhula wa pili wa urais wa Zanzibar mwaka huo huo wa 2030, na njia ya kutoka Zanzibar kuja bara baba yake aliipita. Lakini yeye ana kikwazo kisichoandikwa popote. Tangu Nyerere hadi Samia, Mkristo amefuatwa na Mwislamu na Mwislamu na Mkristo, na Samia, kama Hussein, ni Mwislamu wa Zanzibar; sioni wazee wa chama wakiwa wa kwanza kulivunja zoea hilo. Tena Bara watasema zamu yao imefika.

Zamani tuliongeza kigezo cha Mambo ya Nje, maana Mkapa na Kikwete wote walipita wizara hiyo. Membe aliikalia miaka minane. Mwaka 2015 akaja Magufuli, mtu wa barabara na makalavati, kigezo kikafa. Nami naungama kwamba mwaka ule nilikuwa nimeshaandika makala ya Membe kushinda.

Dada mmoja pale kati ameinua mkono tangu muda mrefu. Unasema nimekwepa, nitaje mmoja. Mwanangu, leo hii naona Nchimbi ana nafasi kuliko wengine, na kwa historia niliyowasomea hiyo ni sababu tosha ya kumwonea shaka. Wewe bado u mwanafunzi, una muda. Mwaka 2027 chama kitafanya uchaguzi wake wa ndani, kuanzia shina na tawi hadi taifa. Wajumbe watakaopatikana pale ndio watakaoketi 2030. Wenzako watakuwa Dodoma wakimpigia picha mwenyekiti. Wewe nenda kwenye mkutano wa wilaya, wilaya yoyote ile, ukae nyuma, uulize nani kalipia mabasi.