Kubadilisha mguu wa boti ya zamani: kwanza tujue kilichoua ule wa mwanzo

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tuko mwaloni, upande wa Kirumba hapa Mwanza, na kazi yetu ni hii boti iliyo juu ya trela. Wengi wetu ziwani tumezoea mashine ya kufunga nje, ile unayoifungua ukaipeleka nyumbani jioni. Hii ni tofauti. Injini yake imekaa ndani kama ya gari, shafti inapita kwenye tundu la tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, halafu huku nje kuna huu mguu unaoshusha mzunguko chini mpaka kwenye propela. Mafundi wanauita stendraivu. Volvo Penta walianza kuuza mfumo huu mwaka 1959, na huu wetu ni MerCruiser Alpha One wa miaka ya 1980. Vipimo nitakavyotaja ni vya Alpha. Kama wako ni wa aina nyingine, fuata kitabu chake.

Mwenye boti ameshanunua mguu mwingine, na anataka tufunge leo leo. Namwelewa, boti ikikaa nchi kavu hela haiingii. Lakini mguu wa zamani haukufa bure. Ukifunga mpya bila kujua kilichoua wa kwanza, ugonjwa ni uleule, utarudi hapa kabla ya mwaka kwisha.

Zuia magurudumu ya trela kwa mawe, toa waya hasi wa betri. Sasa vua propela. Usianze na nati za mguu, anza na propela, kwa sababu ushahidi mwingi uko nyuma yake. Sogeza kamera hapa, dogo. Mnaona? Huu ni uzi wa timba, zile nyavu za plastiki. Umejiviringisha kwenye shafti mpaka umeingia ndani ya sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie. Huku kwetu nyavu zilizokatika zinaelea, nyingine zimenasa kwenye magugu maji, na propela inazivuta zote. Uzi ule ni mwembamba na mkali, unakata mdomo wa sili kimya kimya. Oili inatoka, maji yanaingia, na dereva hana habari.

Tuhakikishe. Weka beseni, fungua skrubu ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie. Tazameni rangi: kama chai ya maziwa. Hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Paka kidogo kwenye vidole, usugue. Ukisikia unga laini sana, ni uchakavu wa kawaida. Hapa nasikia vipande kabisa, na hivi vinavyong'aa ni meno ya gia. Huu mguu haurudi tena kazini. Oili hii iingie kwenye dumu na ifungwe, isimwagike hapa. Maji ya ziwa hili tunayanywa.

Sasa kuutoa. Hii mikono miwili ya haidroliki inayonyanyua mguu, fungua pini yake ya nyuma tu, uichomoe, uifunge juu kwa kamba. Mipira ya haidroliki usiiguse, haina kosa. Weka mkono wa gia mbele. Kwa Alpha ni lazima iwe mbele, wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, vinginevyo kile kiungo cha kubadilishia gia hakitapita. Kisha legeza nati sita, tatu kila upande, spana ya inchi tano kwa nane. Tano zitoe kabisa. Moja ya juu iache kwenye nyuzi chache, kwa sababu mguu ukiachia ghafla utakuangukia miguuni. Ingiza mti au bapa kwenye ufa, kidogo huku, kidogo kule. Ukishaanza kucheza, mwenzako ashike chini, toa nati ya mwisho, vuteni moja kwa moja nyuma. Kama una cheni bloku, itumie. Huu mzigo unaharibu mgongo.

Hapa sasa ndipo naomba mtulie na mimi, maana wengi hupita haraka.

Mbele yetu kuna tundu, na ndani yake kuna mpira wa mikunjo unaozunguka krosi za shafti, yaani viungo vinavyoiwezesha kupinda. Mpira huu ndio unaozuia ziwa lisiingie ndani ya boti. Ukipasuka, maji yanaingia moja kwa moja kwenye sakafu ya injini, na boti inazama ikiwa imefungwa gatini, usiku, hakuna mtu. Ingiza mkono, panua kila mkunjo, mulika kwa tochi. Huu umekauka na una nyufa ndogo chini, pale ambapo macho hayafiki. Mimi simfungii mtu mguu kwenye mpira wa zamani hata kama unaonekana mzima. Kuufikia ni lazima mguu utoke, na leo umeshatoka. Safisha chuma mpaka king'ae, paka gundi yake maalumu, kaza klampu. Badilisha pia ule mpira mdogo wa waya wa gia.

Ndani zaidi kuna beringi inayobeba shafti. Izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, au ikitoka kutu kama hii, itoe. Unapofunga mpya, tundu lake la grisi lielekee ilipo njia ya nipo, kile kichuchu cha kupigia grisi, la sivyo utapiga grisi miaka yote na haitafika.

Kisha mstari wa injini. Kuna chuma kirefu cha kupimia, kinapita kwenye beringi mpaka kwenye kapulingi ya injini, pale shafti inapoungana na injini. Paka grisi meno yake, sukuma. Kinatakiwa kiingie kwa vidole viwili, bila nyundo. Kikigoma, nyanyua au shusha injini kwa nati za vishikio vya mbele, halafu jaribu tena. Ukikichomoa, angalia alama kwenye grisi: ziwe sawa pande zote. Boti za zamani mbao za chini zinaoza, injini inashuka taratibu, na mstari ukipinda unakula kapulingi na krosi pamoja. Hapa tumezungusha nati za mbele mara tatu, tukapima mara tano. Ilichukua saa nzima na sijutii.

Mguu mpya. Kwanza uwiano wa gia, yaani shafti ya juu inazunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja. Miguu ya Alpha kwa nje inafanana, ndani haifanani: ya injini ndogo ya silinda nne ina uwiano wa karibu 2, ya V8 kubwa karibu 1.5. Niliwahi kuletewa mguu wa mtumba, muuzaji akaapa ni uleule, tukafunga. Injini ikawa inalia bila kupanda mizunguko, na mteja akapoteza wiki nzima. Tangu siku hiyo nahesabu mwenyewe. Uweke mguu kwenye gia, tia alama kwenye shafti ya juu, zungusha propela mara 10 huku mwenzako akihesabu juu. Ikizunguka karibu mara 18 na nusu, ni 1.84. Linganisha na ule wa zamani. Na propela yenyewe usiige ya mtu wa Dar es Salaam: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Huku propela ambayo mapanga yake yana mwinuko (pichi) mdogo kidogo ndiyo inayofaa.

Weka impela mpya ya pampu ya maji, ile feni ndogo ya mpira, kabla ya kufunga; iliyo ndani ya mguu uliokaa dukani imeshakauka ikiwa imejikunja. Gasketi mpya, oringi mpya zote, grisi kwenye meno ya shafti. Mguu uwe kwenye gia ya mbele. Sukuma moja kwa moja. Ukikwama sentimita chache za mwisho, usivute kwa nati! Mwenzako azungushe propela taratibu kuelekea upande unaoivuta shafti, meno yatakutana, na mguu utaingia wenyewe. Hivyo. Kaza nati kwa kupishana, mpaka nyutoni-mita 68. Rudisha mikono ya haidroliki.

Oili tunajaza kutoka chini, kwa pampu, mpaka itoke juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga chini haraka.

Na vile vipande vya chuma vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mguu: kwa maji baridi kama haya tunafunga vya magnesiamu. Vya zinki ni vya baharini. Huku vinajifunika ngozi ngumu, vinaacha kufanya kazi, na aluminiamu ya mguu ndiyo inayoliwa.

Tunashusha majini. Bado hatuwashi. Nimefungua kifuniko cha injini, namulika chini ya kapulingi, dakika 10. Pakavu. Sasa washa, acha ipate joto kidogo, ingiza mbele, nyutro, nyuma. Inaingia bila kugonga.

Nimemwomba mwenye boti azunguke mpaka karibu na kisiwa cha Saanane arudi, kisha ailaze hapa usiku huu bila abiria. Asubuhi nitalegeza skrubu ya chini kidogo tu. Tone la kwanza likitoka na rangi ileile tuliyoijaza leo, atapakia.