96, 71, 55: Nani Hasa Anamkubali Rais?

Rehema: Karibu msikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na kaka Daudi. Leo tunazungumzia namba tatu zilizogombanisha watu nchini: 96, 71 na 55. Hizo ni asilimia za wananchi waliosema wanakubali utendaji wa Rais John Magufuli mwaka 2016, 2017 na 2018, kwa mujibu wa Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa taasisi ya Twaweza.

Daudi: Ya tatu ndiyo iliyozua kasheshe. Ilitangazwa Julai 2018, na siku chache baadaye COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliwaandikia Twaweza barua wajieleze ndani ya siku saba kwa nini wamefanya utafiti bila kibali. Mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti na Uhamiaji. Septemba mwaka huohuo Bunge likabadilisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopinga zile za serikali. Hicho kipengele cha jinai kikaja kuondolewa Juni 2019.

Rehema: Na mtaani ikawa vita ya vyama. Upande wa CCM ukasema hao wametumwa na mabeberu. Upinzani ukaibeba ile 55 kama ushahidi wa mwisho. Sasa rudi nyuma, Septemba 2015. Twaweza haohao, kwa simu zilezile, walitangaza kwamba Magufuli anaongoza mbio za urais kwa asilimia 65 na mgombea wa upinzani, Edward Lowassa, ana 25. Safari ile waliosema utafiti umepikwa walikuwa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa, na walioushangilia walikuwa CCM. Kipimo hakikubadilika. Waliohama ni washangiliaji.

Daudi: Ila dada Rehema, UKAWA walikuwa na hoja. Matokeo ya Tume ya Uchaguzi yalikuwa Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Ipsos, kampuni nyingine ya utafiti, nao walikuwa wametoa 62 kwa 31. Wote wawili walipata mshindi sawasawa, lakini wote wawili walimpunja Lowassa, Twaweza kwa karibu pointi 15. Kiwango cha makosa, yaani kuyumba kunakotokana na kuhoji wachache badala ya wote, kikiwa pointi mbili au tatu hakiwezi kubeba pengo hilo.

Rehema: Basi tueleze lilitoka wapi, maana hapa watu huruka moja kwa moja kwenye "wamehongwa".

Daudi: Tuanze na jinsi kundi lilivyopatikana. Twaweza walichagua maeneo 200 ya kuhesabia watu, Tanzania Bara tu, Zanzibar haimo. Kila eneo wakachukua kaya 10, na katika kila kaya mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu. Ni watu 2,000. Kila mmoja akapewa simu na chaja ya sola, ili hata kijiji kisicho na umeme kipatikane. Kisha wanapigiwa kila awamu kutoka kituo kimoja cha simu.

Rehema: Ile chaja ni jambo kubwa. Ukipiga namba zozote tu ulizookota, unawapata wenye simu, na wenye simu wamejaa zaidi mijini, ni wanaume zaidi, wenye kipato zaidi. Chaja ya sola inamrudisha bibi wa Namtumbo kwenye hesabu.

Daudi: Sawa, lakini kundi la kudumu linazeeka. Waliochaguliwa mwaka fulani ni watu wazima wa mwaka huo. Kijana aliyekuwa na miaka 16 wakati ule, miaka mitatu baadaye ni mpiga kura kamili, na hayumo. Na vijana ndio waliojaza mikutano ya Lowassa. Jingine, watu wanapungua: simu inaibiwa, mtu anahamia mjini kutafuta maisha, mwingine anachoka kupigiwa. Waliokata si lazima wafanane na waliobaki. Halafu utafiti ulikuwa wa wiki kadhaa kabla ya Oktoba 25, kampeni bado mbichi. Wapo waliokuwa hawajaamua.

Rehema: Na wapo walioamua ila hawakutaka kusema kwenye simu. Mimi hilo naliweka juu ya yote. Chukua ile 96 ya Juni 2016. Mwezi huohuo mahakama Arusha ilimtia hatiani mtu kwa kumtukana Rais kwenye Facebook, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mwezi huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku, ikaja kuruhusiwa Januari 2023. Sasa mtu asiyemfahamu anakupigia, anajua jina lako, anakuuliza: unakubali au hukubali utendaji wa Rais? Jibu la usalama linajulikana. Kwa hiyo mimi siamini kwamba 96 ilikuwa 96.

Daudi: Nami siamini kwamba hofu peke yake inaeleza. Hebu fanya hesabu hii. Oktoba 2015 karibu wapiga kura 40 katika 100 walimpa Lowassa. Miezi minane baadaye 96 katika 100 wanasema wanamkubali Magufuli. Hata ukitoa pointi kumi za hofu, bado wengi wa waliompa Lowassa walikuwa wanampa Magufuli sifa. Na sababu zilikuwepo: elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016, bandarini watu walifukuzwa kazi, wafanyakazi hewa waliondolewa kwenye orodha ya mishahara. Hayo ndiyo mambo ambayo wapinzani wenyewe waliyadai kwa miaka kumi. Aliyatekeleza mtu wa chama kingine, wakapiga makofi.

Rehema: Halafu ikashuka.

Daudi: Ikashuka hadi 55. Sasa weka 55 kando ya 58.46. Unaona? Amerudi karibu kabisa na kura zake za 2015. Usomaji wangu ni kwamba watu wa vyama vingine waliomkopesha imani yao mwaka 2016 waliichukua tena. Hapo kati yalipita mengi: watumishi wa umma wenye vyeti feki 9,932 walitangazwa Aprili 2017, na kila mmoja ana familia, Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, akapigwa risasi Dodoma Septemba 2017, biashara mitaani zikalalamika kwamba fedha haizunguki.

Rehema: Usomaji huo unavutia, lakini una shimo. Kura za 2015 ni za Muungano mzima na za waliojitokeza kupiga. Hii 55 ni ya Bara tu na inahesabu hata wasiopiga kura. Unalinganisha vikapu viwili.

Daudi: Nakubali, ni ukaribu tu, si uthibitisho.

Rehema: Tushuke kwenye hesabu basi. Msikilizaji akiona 71 imekuwa 55, atajuaje kwamba ni mabadiliko ya kweli na si bahati ya sampuli?

Daudi: Njia ya haraka: chukua 1, gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Wahojiwa 1,200, kipeuo chake ni karibu 34.6, unapata 0.029, yaani pointi 2.9 juu au chini. Ukilinganisha awamu mbili, makosa yote mawili yanaingia, inakuwa kama pointi 4. Kushuka kwa pointi 16 kunapita hapo mara nne. Hakuna bahati hapo. Lakini kosa linalofanyika kila siku ni kukata vipande. Mtu anasema "wafuasi wa Chadema wanaomkubali wamepanda kutoka 30 hadi 36". Kwenye sampuli ile, waliojitaja kuwa wa Chadema wakiwa 150, kiwango cha makosa ni pointi 8. Hiyo 6 haina uzito wowote.

Rehema: Na kuna mtego mwingine wa vipande, huu ndio wanaonaswa nao hata wachambuzi wa redioni. Tuchukue mfano wa watu 100. CCM 50, na 45 kati yao wanamkubali Rais, yaani asilimia 90. Upinzani 20, wanaomkubali 6. Wasio na chama 30, wanaomkubali 15. Jumla 66. Mwaka unaofuata, watu kumi waliokuwa wakijitambulisha kama CCM wanasema sasa hawana chama. CCM wamebaki 40, wanaomkubali 36. Bado asilimia 90! Msemaji wa chama atasimama aseme wanachama wetu hawajatetereka. Upinzani wamebaki na 6 yao. Wasio na chama sasa ni 40, nusu wanamkubali, 20. Jumla imekuwa 62. Rais amepoteza pointi 4, na hakuna chama hata kimoja ambacho asilimia yake imesogea.

Daudi: Kwa hiyo ukiambiwa asilimia ndani ya chama, dai pia uambiwe wangapi wamejitaja kuwa wa chama hicho, mwaka huu na mwaka jana.

Rehema: Turudi kwenye hofu, maana ina kipimo. Mbinu ya orodha. Unagawa wahojiwa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza unawasomea sentensi tatu zisizo na siasa: nina shamba, nasikiliza redio kila siku, nimepanda basi wiki hii. Unauliza ni *ngapi* zinamhusu, si *zipi*. Fungu la pili unawasomea hizohizo tatu na ya nne: nakubali utendaji wa Rais. Hakuna anayeweza kujua mtu amekubali ipi. Fungu la kwanza wastani ukiwa 1.6 na la pili 2.1, tofauti ni 0.5, yaani nusu wanamkubali. Ukiuliza waziwazi ukapata 70, zile pointi 20 za ziada ni za woga au adabu.

Daudi: Gharama yake ni kwamba kiwango cha makosa kinapanuka sana, kwa hiyo unahitaji watu wengi. Na sentensi za mwanzo zikichaguliwa vibaya, mtu ambaye zote tatu zinamhusu akisema "nne" amejifichua.

Rehema: Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, wao huuliza mwishoni: unadhani nani ametuma huu utafiti? Wanaodhani ni serikali unaweza kuwaweka pembeni ukalinganisha majibu yao na ya wengine.

Daudi: Sasa nikuulize. Kama hofu iliongezeka kati ya 2016 na 2018, si ina maana kushuka halisi kulikuwa kukubwa kuliko pointi 41?

Rehema: Hapo tuko pamoja. Mwelekeo naukubali, kiwango sikikubali.

Daudi: Lingine linalochanganywa ni kukubalika na utendaji. Elimu bila ada: mwenzetu wa CCM anataja uandikishaji wa darasa la kwanza ulivyoruka 2016, mpinzani anataja watoto waliokaa chini na mwalimu mmoja. Wote wanasema kweli, na swali la "unakubali utendaji" linameza vyote viwili. Ukitaka kupima utendaji, uliza kitu kinachohesabika: darasa la mwanao lina watoto wangapi, umelipa mchango gani muhula huu, maji unachota umbali gani. Swali kama hilo wafuasi wa pande zote hujibu kwa kukaribiana zaidi, kwa sababu ndoo ni ileile.

Rehema: Na kabla hujasambaza namba kwenye kundi la WhatsApp, angalia wamehojiwa wangapi, tarehe gani, kwa simu au ana kwa ana, Bara au Muungano, na nani amelipa. Kenya wana sheria ya 2012 inayolazimisha mambo hayo yachapishwe kwa tafiti za uchaguzi, na inakataza kuzitangaza siku tano kabla ya kura.

Daudi: Mimi ningeongeza moja: swali lenyewe lichapishwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama mhojiwa alivyolisikia. "Unaridhika na Rais" na "unakubali utendaji wa Rais" hayaleti jibu moja, na ripoti nyingi hutupa tafsiri ya Kiingereza pekee. Atakayetangaza namba inayofuata, tutaanza kumdai hapo.