Ukikosa Kuja, Nani Atakutafuta?

Bwana Prefe mkuu wa shule, walimu, na ninyi wadogo zangu, jambo kwenu. Leo nasema juu ya vikundi vya nje ya darasa: kipi ukae, kipi utoke.

TP Mazembe, klabu yetu ya mpira, wote mnaijua. Wengine mmevaa jezi chini ya shati jeupe, nimewaona. Lakini timu hiyo ilianzia shuleni. Mwaka 1939, mji wetu huu wa Lubumbashi ukiitwa Élisabethville, watawa Wabenedikto wa Taasisi ya Saint-Boniface waliwaundia timu wanafunzi ambao hawakuwa na nia ya upadri, wapate la kufanya baada ya masomo. Mwaka 2010 klabu hiyo ikawa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, kule Abu Dhabi. Inter ya Italia wakatufunga 3-0, hayo tuyaache.

Siahidi kwamba kikundi chako kitafika Abu Dhabi. Ila vijana wale waliingia ili wacheze. Siku hizi mwanafunzi mmoja yuko skauti, Msalaba Mwekundu, kwaya, mdahalo na klabu ya Kiingereza. Fulana tano, picha tano, kazi hakuna. Ukimuuliza, anatafuta ufadhili. Sasa, chuo cha hapa kwetu hutazama kwanza asilimia ya diploma yako ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Kwaya haikuongezei hata pointi moja. Wafadhili wa nje wengi huuliza mambo ya nje ya darasa, kweli, lakini wanataka kujua ulichofanya huko.

Kipimo changu ni hiki: usipofika Jumamosi, nani atakutafuta? Kama hayupo, toka, ukafanye hesabu zako.

Mweka hazina wa kwaya hutafutwa. Anapokea faranga za michango, anaandika aliyelipa na mwenye deni, anamkatalia kiongozi wake anayetaka nauli kutoka pesa za sare, kisha anasimama mbele ya wakubwa kueleza zilikokwenda. Mwalimu wa uhasibu atakufundisha daftari la mapato na matumizi mwaka mzima, lakini hawezi kukuletea yule mama wa sauti ya pili anayeapa kwamba alishalipa na jina lake halimo. Vilevile anayewasomesha watoto wa jirani kule Katuba: asipofika, wanakuja kumgongea mlango.

Ninyi wa mwaka wa mwisho, msiniletee kesi na wazazi. Kikundi kimoja, siku moja kwa wiki. Mtihani wa Serikali ukikaribia, aga waziwazi, kaa na mwenzako wa darasa la chini yako, hesabuni pesa mbele ya mashahidi, umwachie daftari. Hapo ndipo wengi hukimbia.

Haya, maswali. Tuanze na dada zetu wa nyuma.