Risasi ya Bahati Mbaya na Hesabu Yake

Mhadhara kwa wakazi wa Majengo, Mombasa

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru wazee wa mtaa walioniita, akina mama mliowahi viti vya mbele, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni. Ingieni, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu limewafika karibu. Askari amefyatua risasi, risasi imempata mtu asiye na silaha, na kabla maiti haijafikishwa Hospitali Kuu ya Pwani, kauli imeshatoka kituoni: ni bahati mbaya. Bunduki ilifyatuka. Risasi ilipotea. Alidhaniwa ni mwengine. Familia inaambiwa ishukuru Mungu, izike, mambo yaishe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Inawezekana kweli ikawa bahati mbaya. Mimi ni wakili na sisemi kila askari anayeua amekusudia kuua. Ninachosema ni kwamba mwenye kuamua kama ilikuwa bahati mbaya si kituo ambacho bunduki ile imetoka, na hata ikithibitika kuwa ndivyo, bado kuna mtu wa kutoa hesabu.

Tuanze na sheria yenyewe, maana huwa inasomwa nusu. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema mtu hana hatia ya jinai kwa tukio lililotokea kwa ajali. Wakili wa askari ataanzia hapo, na ni haki yake. Lakini kifungu hicho hicho kimefunguliwa kwa sharti: hakigusi yale sheria inayosema kuhusu uzembe. Dereva wa matatu akimgonga mtu pale Buxton akafa, hakuna anayeuliza kwanza kama alimkusudia. Tunauliza alikuwa akienda kasi gani, breki zilikuwaje, alipita upande gani. Akipatikana aliendesha kwa njia ya hatari, Sheria ya Trafiki inaruhusu afungwe hadi miaka 10. Sasa niambieni kwa nini aliyekabidhiwa bunduki ya serikali aulizwe maswali machache kuliko aliyekabidhiwa usukani.

Na maswali yenyewe yapo. Bunduki haijikoki. Kuna mkono uliovuta, kuna sefti iliyoondolewa, kuna kidole kilichoingia kwenye traiga. Mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekezwa wapi wakati huo, na kwa sababu gani? Ukishajibu hayo ndipo utajua kama unazungumza habari ya ajali au ya uzembe. Uzembe unaoua, sheria yetu inauita kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kuna kesi iliyosikilizwa hapa hapa Mombasa ambayo kila mtu wa Pwani angepaswa kuijua. Agosti 2014, polisi waliingia usiku kwenye nyumba moja kule Kinango, Kwale, wakimtafuta mtu mwengine. Wakampiga risasi msichana wa miaka 14. Walisema aliwainulia panga. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, hii tunayoiita IPOA, ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ikawatia maafisa wawili hatiani kwa kuua bila kukusudia. Miaka 7 kila mmoja. Walikata rufaa wakashindwa. Ninawataka mshike jambo moja katika kesi hiyo: mahakama haikusema waliondoka kituoni wakiwa na nia ya kumuua mtoto. Ilisema wajibike hata hivyo.

Wala si sisi peke yetu tunaofikiri hivi. Aprili 2021, katika jimbo la Minnesota kule Marekani, afisa mwenye uzoefu wa miaka 26 alimpiga risasi kijana mweusi ndani ya gari. Alidhani ameshika kile kifaa cha umeme cha kumlemaza mtu, kumbe ameshika bastola. Kamera yake mwenyewe ilirekodi akipaza sauti kulitaja jina la kile kifaa kabla ya kufyatua, kisha akianguka chini akilia. Hakuna aliyedai kwamba alitaka kuua. Wazee wa baraza la mahakama walimpata na hatia, akahukumiwa miaka 2. Kuna walioona ni michache mno, na mimi ni mmojawao, lakini mahakama haikusema kwa kuwa alikosea basi aende nyumbani.

Na kwa sisi Waislamu humu ndani, hili halipaswi kuwa jipya. Suratun Nisaa, aya ya 92, inazungumzia muumini aliyeuawa kwa kukosea. Haikusema basi imekwisha. Imeweka kafara, imeweka na dia, yaani fidia ya damu, ipelekwe kwa watu wake, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Kosa limetambuliwa kuwa kosa, na bado haki ya wafiwa imesimama. Angalieni pia nani amepewa uwezo wa kusamehe: ni wafiwa. Hakupewa mkuu wa aliyeua.

Sasa nije kwenye sheria ambayo ningetaka muihifadhi kichwani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina Jedwali la Sita. Inasema askari aanze na njia zisizo za nguvu. Bunduki ni pale tu njia nyepesi zimeshindwa, na kwa sababu zilizotajwa, kubwa kati yake ikiwa ni kuokoa maisha. Ajitambulishe, atoe onyo lililo wazi, na ampe mtu muda wa kulisikia onyo hilo, ila tu ikiwa kungoja kutahatarisha maisha. Awe na jina au namba yake ya kazi mahali inapoonekana. Amri ya mkubwa si kisingizio. Mtu akiumia, askari waliopo wanatakiwa kumpatia matibabu papo hapo, na kutofanya hivyo bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Hilo rudieni nyumbani mkaambiane. Kijana anavuja damu kando ya barabara, askari wamesimama wanafukuza watu wasikaribie, na dakika zinapita. Hata ikiwa risasi yenyewe ilitoka kwa bahati mbaya, zile dakika hazikuwa bahati mbaya.

Jedwali hilo linaendelea: kifo au jeraha baya likitokea, mkubwa wa askari huyo lazima aripoti kwa IPOA, mahali pa tukio palindwe, na jamaa wajulishwe. Kuchezea ushahidi wa mahali hapo ni kosa.

Na kuhusu risasi za hewani. Kila mara tunaambiwa askari walipiga hewani kutawanya watu. Risasi ya bunduki ya G3 ni milimita 7.62, bati haliizuii, wala ukuta wa udongo. Mitaa yetu ni ya ghorofa zilizobanana na roshani zenye watoto. Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa Nairobi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao. Mwanzo ilisemwa ni risasi iliyopotea. Baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaamua afisa ashtakiwe kwa mauaji. Kati ya kauli ile na uamuzi ule kulikuwa na uchunguzi, na usingekuwapo, kauli ya kwanza ndiyo ingebaki kwenye karatasi hadi leo.

Ndugu zangu, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa Mombasa tunapopoteza kesi. Tunaipoteza siku ya kwanza.

Mtu ameuawa asubuhi. Adhuhuri ameoshwa, alasiri amesaliwa, kabla ya magharibi yuko makaburini Kikowani. Ndiyo mila na ndiyo dini, na sitaki mtu atoke hapa akisema wakili amewakataza kuharakisha maziko. Lakini risasi iliyobaki mwilini imezikwa naye. Njia iliyopita imezikwa naye. Miezi sita baadaye daktari hana cha kueleza, na wakili wa upande wa pili atasimama aulize kwa upole kabisa: mna uthibitisho gani kwamba ilitoka kwenye bunduki ya mteja wangu?

Upasuaji wa maiti kwa ajili ya uchunguzi wa jinai si jambo ambalo wanazuoni wamelifungia mlango. Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia kule Makka, lililizungumza mwaka 1987 na kuliruhusu pale panapokuwa na haja hiyo. Masheikh mko hapa, nawaomba mlieleze misikitini kabla msiba haujatokea, maana siku ya msiba hakuna anayesikiliza fatwa. Na familia ina haki ya kuomba daktari wake awepo wakati daktari wa serikali anapasua. Mkishindwa na gharama, nendeni kwa mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au HAKI Africa, muulize mtasaidiwaje.

Kisha kuna waosha maiti. Hawa ni watu ambao hakuna anayewafikiria. Mwosha maiti ameona kila kitu: tundu dogo mgongoni, jingine kubwa kifuani, au ngozi iliyoungua baruti kuzunguka jeraha, dalili kwamba mdomo wa bunduki ulikuwa karibu sana. Sisi tumefundishwa kwamba anayeosha husitiri anayoyaona, na ni adabu njema. Lakini jeraha la risasi si aibu ya marehemu. Anayejua kwamba mtu alipigwa kwa nyuma, huku taarifa ya kituo ikisema alikuwa akimshambulia askari, ana ushahidi ambao mahakama inauhitaji. Aandikishe taarifa.

Na nguo. Jamani, nguo! Shati linavuliwa, lina damu, mtu analitupa au analichoma kwa sababu macho hayawezi kulitazama. Lile tundu kwenye shati na masizi yaliyolizunguka yanaeleza umbali. Msilifue. Lianikeni kivulini likauke, liwekeni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana kwenye plastiki huota ukungu. Andikeni nani amelishika tangu lilipovuliwa. Ganda la risasi watoto wasiliokote. Lipigwe picha lilipo, pamoja na ukuta ulio karibu, kabla ya kuguswa. Na damu isimwagiwe maji mpaka pamepigwa picha.

Nendeni kituoni, ripoti iandikwe, mpewe OB namba, ile namba ya daftari la matukio. Msipogombana na mtu wa dawati, ni bora. Mkinyimwa, andikeni saa na jina la aliyewanyima, kisha nendeni ofisi ya IPOA. Tawi lipo hapa Mombasa, hakuna haja ya kupanda basi la Nairobi. Tena msisubiri kituo kiripoti. Sheria imeagiza kiripoti, lakini nyinyi pia mna haki ya kulalamika wenyewe.

Mama mmoja ameniuliza tulipokuwa tukingoja watu waingie: wakija wazee na bahasha, wakisema afisa anataka kutoa pole, tufanyeje? Mama, pole ni pole. Kuipokea au kuikataa ni juu ya moyo wako. Ila usitie sahihi karatasi yoyote, na usiambiwe kwamba ukipokea kesi imekufa. Kesi ya kuua si yako ya kuuza wala ya kusamehe peke yako. Kwenye jalada imeandikwa Jamhuri. Ile dia niliyoitaja huja baada ya ukweli kusemwa na kosa kukubaliwa. Bahasha ya usiku inayotaka mnyamaze haina uhusiano nayo.

Niseme na upande wa askari, kwa sababu wengine ni watoto wetu, wamekaa kambini usiku kucha, wametumwa kutawanya wachuuzi wakiwa na bunduki ya vita mkononi. Askari aliyekosea kweli analindwa na uchunguzi wa wazi kuliko anavyolindwa na wenzake wanaobadilisha maelezo. Ana haki ya wakili na ya kusikilizwa. Lakini uchunguzi usiishie kwake. Nani alitoa G3 kwa kazi ya rungu? Daftari la silaha linaonyesha alichukua risasi ngapi na kurudisha ngapi? Mara ya mwisho alipelekwa shabaha lini? Mtoto mchanga aliyeuawa Kisumu baada ya uchaguzi wa 2017, hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo chake alifika mpaka kwa makamanda. Huo ndio urefu ambao kila faili lingepaswa kwenda.

La mwisho ni muda. Mkitaka kuishtaki serikali kwa madhara ya kawaida, mna miezi 12 tu. Imepita? Mlango wa Katiba bado upo, kwa ombi la haki ya kuishi chini ya Kifungu cha 26, lakini mahakama itauliza mlichelewa kwa nini. Fidia ikishatolewa, serikali haipigwi mnada kama mdeni mwengine, kwa hiyo jiandaeni kuifuata. Na faili likilala bila mtu kushtakiwa, ombeni kwa maandishi uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inautambua. Pale mashahidi huitwa hadharani, na afisa husimama kueleza kwa mdomo wake mwenyewe bunduki ilifyatuka vipi.

Wenye majalada, wenzangu wawili wamekaa meza ile ya dirishani. Waoneni kabla hamjaondoka. Maswali?