Nyumba ya Majimoto Iliyogeuka Jiwe Kisiwani Mfangano

Walimu wenzangu, wazee wangu wakulima, na nyinyi wanangu mliokaa mkekani hapo mbele, hamjambo.

Nilipokuwa nikiingia nimesimama kidogo chini ya mwembe ule ulio karibu na lango. Nimeona viota vinne vya majimoto, wale sisimizi washonao majani, vitatu vya kijani na kimoja ambacho majani yake yamekwisha kauka. Sisi tuliokulia Kwale hatuhitaji kuelezwa majimoto ni nani. Ukipanda mwembe wake bila hodi, anakuuma kwa taya, kisha anakunja tumbo na kukupulizia asidi pale pale kwenye jeraha. Nadhani ndipo alipopatia jina lake.

Leo nimekuja kuwazungumzia jamaa yake aliyekwisha toweka duniani, ambaye wataalamu wanamwita Oecophylla leakeyi. Huyu tunamjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, na visukuku hivyo havikutoka Ulaya wala Marekani. Vilitoka hapa Kenya, katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria.

Lakini kwanza tumtazame huyu wa nje, maana bila yeye jiwe la Mfangano halisomeki. Majimoto wetu ni Oecophylla longinoda. Anapotaka kujenga, hashiki udongo wala hachimbi mti. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani na kulivuta jani la pili. Likiwa mbali, mmoja humshika mwenzake kiunoni, na wa tatu humshika wa pili, hadi unatokea mnyororo wa sisimizi uliopita hewani kati ya majani mawili. Wanavuta pamoja mpaka kingo zinakutana. Ndipo wanapokuja wengine wamebeba watoto wao, yaani mabuu. Buu ana tezi za hariri. Mfanyakazi humshika taratibu kwa taya, humgusisha ukingo huu, kisha ule, kisha huu tena, kama fundi apitishavyo sindano, na uzi wa hariri humtoka buu na kushona majani. Kwa sisimizi wa aina nyingine nyingi, buu hutumia hariri yake kujifumia ganda la kulalia wakati wa kugeuka mdudu kamili. Buu wa majimoto hajifumii chochote. Hariri yake yote ameitoa kwa nyumba. Nimeyatazama mambo haya kwa miaka mingi na bado hunishika koo.

Sasa shikeni jambo moja zaidi. Wafanyakazi wa majimoto ni wa saizi mbili. Wakubwa wana urefu wa milimita 8 hadi 10 hivi. Hao ndio wanaowauma, ndio wanaowinda, wanaojenga, wanaolinda mipaka. Wadogo ni kama nusu ya hao, na hamwaoni mara nyingi kwa sababu hukaa ndani ya kiota wakilea mayai na mabuu. Wa kati kwa kati ni wachache sana. Ukikamata wafanyakazi wengi, ukawapima vichwa na kuchora grafu, hupati kilima kimoja. Unapata viwili, na bonde katikati.

Twende Mfangano. Kati ya miaka milioni 17 na 20 iliyopita, ziwa lenyewe halikuwapo. Palikuwa na volkeno kubwa, Kisingiri, na kando yake miti na wanyama wengi. Jirani tu, katika kisiwa cha Rusinga, ndipo mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, yule nyani asiye na mkia aliyeishi mitini zama hizo hizo. Watu wengi wamesikia habari za fuvu hilo. Wachache wamesikia kwamba mawe ya visiwa hivyo viwili yamehifadhi pia vitu ambavyo kwa kawaida huoza kwa siku mbili tatu: matunda na mbegu, viwavi, konokono wasio na kombe, panzi. Mumewe Mary, Louis Leakey, aliandika habari za viumbe hao laini mwaka 1952, na miili yao haikuwa imebanwa ikawa bapa kama ua ndani ya kitabu. Ilikuwa na unene wake.

Siri iko kwenye majivu. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na chokaa nyingi, ya aina inayotokana na volkeno chache sana duniani. Leo iliyo hai ya namna hiyo ni moja tu, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Majivu ya chokaa yakinyeshewa huganda upesi, na mnaojenga mnajua chokaa ikishika inavyoshika. Kilichofunikwa hakikupata nafasi ya kuoza wala kusagwa.

Na miongoni mwa vilivyofunikwa ni kundi la sisimizi. Nasema kundi, wala si sisimizi mmoja. Mwaka 1964 wataalamu wa sisimizi Edward O. Wilson na Robert W. Taylor walichapisha maelezo yake katika jarida la Psyche, wakampa jina la Leakey. Mbele yao walikuwa na wafanyakazi, na pamoja nao mabuu, na pamoja nao pupa, yaani wale walio katikati ya ubuu na utu uzima. Watoto na walezi wao mahali pamoja.

Hapa nawaomba tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Sisimizi wa kale wapo wengi katika kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Lakini anayenaswa na utomvu mara nyingi ni yule aliyekuwa akitembea juu ya gome, au dume na malkia walioruka. Buu hatembei. Buu hubebwa, na hukaa nyumbani. Kumpata buu kwenye kisukuku, tena akiwa na ndugu zake na walezi wake, maana yake ni kwamba umeipata nyumba yenyewe. Na wanasayansi walikuwa wamezoea kusema kwamba tabia haigeuki jiwe: unaweza kupata mfupa wa mguu, huwezi kupata mwendo.

Wilson na Taylor walifanya kazi ya subira. Waliwapima wafanyakazi wale, mmoja mmoja. Na vipimo vikajigawa mafungu mawili, wakubwa na wadogo, kwa mtindo ule ule wa majimoto wa leo. Vilima viwili na bonde katikati! Kwa hiyo ule mgawanyo wa kazi, mkubwa nje na mdogo ndani na watoto, si jambo la juzi. Jamii ilikwisha kupangwa hivyo wakati Proconsul alipokuwa akipita matawini juu yao. Spishi imekufa, milima imelika, ziwa limeingia, na mpango wa nyumba umebaki ule ule hadi kwenye mwembe wetu. Mimi sioni ushahidi mwingine katika elimu ya wadudu unaonigusa kama huu.

Ukoo wao ni mpana kuliko tunavyoudhania. Katika kaharabu ya Baltiki, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 30, wamo majimoto wa kale, maana Ulaya ilikuwa na joto wakati huo. Leo huko hakuna hata mmoja. Zimebaki spishi mbili tu ulimwenguni: huyu wetu wa Afrika, na Oecophylla smaragdina, anayeanzia India hadi Australia ya kaskazini.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, haya yanamsaidia nini mwenye minazi. Yanamsaidia, mzee wangu. Miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alifanya kazi Unguja, akaonyesha kwamba minazi yenye majimoto haikupukutisha madafu machanga kama mingine, kwa sababu majimoto walimzuia kunguni anayefyonza vinazi. Kwa wakulima wa mikorosho na miembe pia ni mlinzi. Na hapa hapa Shimba Hills, miaka ya 1970, Bert Hölldobler, mwenzake Wilson katika utafiti, alichunguza jinsi kundi moja linavyoitana kwa harufu kulinda miti yake.

Basi, nimesema ya kutosha nikiwa nimesimama hapa. Jua halijawa kali. Nyinyi vijana, inukeni pole pole tuende mwembeni. Kile kiota cha chini, upande wa barabara, kina ufa mdogo, na nilipopita walikuwa wameanza kuuziba. Msiguse tawi. Mtazame walio ukingoni, mtafute aliyebeba kitu cheupe kama punje ya mchele. Huyo ndiye buu, na akipelekwa huku na huku mtauona uzi.