Jogoo Hakurudi Mnadani

ELIYA: Tunarekodi? Haya. Wasikilizaji, anayewika huko nyuma si mimi. Mwenye nyumba atajieleza.

UPENDO: Bwana asifiwe, wapendwa.

ELIYA: Na kwa wa upande wetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Leo tulipanga kuongelea bajeti ya sadaka, Upendo ana mambo yake matatu kwenye karatasi, kaandika na kalamu nyekundu kabisa. Lakini kwanza huyu jogoo.

UPENDO: Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Tumetoka ibada ya pili, jua la Dar mnalijua, tumebanana chini ya turubai. Mezani kuna mikungu ya ndizi, miwa, trei za mayai, hadi fungu la mchaichai mtu kalifunga kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa anayenadi, yule yule ninayewasimuliaga, akamshika jogoo miguu akamwinua juu. "Elfu kumi! Nani ana kumi na tano?" Akapanda mpaka hamsini. Aliyenunua akasema, "Namrudisha." Vigelegele! Akanadiwa upya, akafika sitini. "Namrudisha." Safari hii wakapigiwa na pambio. Mara ya tatu nikamnunua mimi kwa arobaini, nikamlipa mtunza hazina, nikamtia jogoo wangu kwenye buti.

ELIYA: Ukaondoka naye!

UPENDO: Si nimemnunua?

ELIYA: Dada Upendo, jogoo wa mnada haendi nyumbani kwa mtu.

UPENDO: Ndivyo walivyoniangalia. Mama mmoja akanisogelea taratibu, "Mwanangu, humrudishi?" Utadhani nimebeba kikombe cha meza ya Bwana.

ELIYA: Mama yuko sahihi. Kuku wa elfu thelathini tayari kaingiza laki na nusu, na bado alikuwa na nguvu. Wewe ndiye umempiga breki.

UPENDO: Eliya, yule jogoo kaletwa na bibi anayekaa benchi la nyuma kabisa. Hana mshahara, hana cha kutuma kwenye lipa namba. Kaja naye kwenye kapu, kwenye daladala. Na mnada wote alikuwa kasimama pale pembeni anatazama. Hebu niambie, vigelegele vilikuwa vya nani? Walionunua wametajwa, huyu injinia, huyu mheshimiwa. Bibi hakutajwa hata mara moja. Nilipomchukua jogoo, yeye ndiye pekee aliyenifuata hadi kwenye gari, kuniambia anapenda pumba zilizolowekwa.

ELIYA: Jogoo, au bibi?

UPENDO: Nenda zako huko.

ELIYA: Ana jina?

UPENDO: Mwanangu anamwita Mheshimiwa.

ELIYA: (anacheka) Mheshimiwa anawika saa ngapi?

UPENDO: Saa tisa usiku. Mpangaji mwenzangu kaniuliza kama nimefungua huduma ya mkesha.

ELIYA: Lakini ona, mimi hapo hapo kwa bibi ndipo ninapokwama. Dawa si kumtaja bibi. Dawa ni kutomtaja mtu yeyote. Mathayo sita: mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sisi tumeweka spika mbili na mshereheshaji.

UPENDO: Mimi nasema wote watajwe. Injinia atajwe, na bibi atajwe. Marko kumi na mbili, Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina, akatazama watu wanavyotia. Alitazama! Asingetazama, leo mjane tungemjulia wapi?

ELIYA: Aliyetazama ni Yesu, si katibu wa usharika. Na jina la mjane ni nani?

UPENDO: ...

ELIYA: Halipo. Kasifiwa, jina hakuna.

UPENDO: Barnaba lipo. Matendo nne, kauza shamba, kaweka fedha miguuni pa mitume, na jina limeandikwa.

ELIYA: Funua ukurasa! Sura ya tano, Anania na Safira. Nao waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakataka waonekane wameleta yote. Hapo ndipo kutajana kunapotupeleka.

UPENDO: Wale walikufa kwa uongo, hawakufa kwa kutajwa.

ELIYA: Na uongo ulitoka wapi? Haya, njoo karibu. Novemba 2024 Rais Ruto alienda kusali kanisa Katoliki Soweto, Nairobi, akatoa fedha za kwaya na za nyumba ya padre. Askofu Mkuu Anyolo akaagiza zirudishwe.

UPENDO: Zirudishwe! Umeona, kama jogoo wa hamsini.

ELIYA: Niko siriasi.

UPENDO: Na mimi pia. Askofu aliagiza hivyo kwa sababu fedha ilitolewa mchana kweupe, nchi nzima ikajua. Ingepita kwenye bahasha kimya kimya, nani angeuliza?

ELIYA: Kama kanisani hakuna kutangaza, mwanasiasa haji na bahasha. Anafuata tangazo.

UPENDO: Atakuja usiku. Hao ndio wa kuogopa.

ELIYA: Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kusema hapa. Mama yangu ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa tangu zamani, jumuiya hakosi. Kipindi cha ujenzi walikuwa wanasoma ahadi, jina, umeahidi kiasi gani, umepunguza kiasi gani. Wiki ya kusoma, mama anaumwa. Kila mara. Mimi mtoto naamini kweli kichwa kinamuuma. Ananituma nipeleke kiti cha plastiki kwa jirani ambako jumuiya inasali, kiti kiende, yeye abaki kitandani.

UPENDO: Pole, kaka. Kwa kweli.

ELIYA: Asante.

UPENDO: Lakini bado sikubali.

ELIYA: Najua.

UPENDO: Kwetu kila Jumapili inasomwa, sadaka ya wiki iliyopita ibada ya kwanza kiasi kadhaa, ya pili kiasi kadhaa, waliohudhuria wangapi. Mtunza hazina anasoma akijua nami nasikia. Mkianza kufunga madaftari kwa sababu ya aibu, fedha inatafuta miguu.

ELIYA: Hiyo ni jumla! Jumla sina neno nayo, isomwe hata mara mbili. Mimi nakataa jina.

UPENDO: Bahasha yangu ina namba ya msharika. Na nikituma kwa simu, mhasibu anaona jina langu kamili. Siri ipi unayoilinda?

ELIYA: Mhasibu ni mmoja. Turubai lina watu mia tatu.

UPENDO: Basi aliyeahidi kidogo atajwe kwa heshima ile ile ya aliyeahidi kingi. Tufundishane heshima, tusifundishane kujificha.

ELIYA: Tangu mama yangu hadi leo, hilo somo limefundishwa wapi?

UPENDO: Lianzie kwetu.

ELIYA: Kwenu bibi hakutajwa Jumapili hii hii!

UPENDO: Ndiyo maana nalalamika!

ELIYA: Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Yale mambo yako matatu?

UPENDO: Uwii. La kwanza, tenga sadaka kabla hujalipa kodi ya nyumba...

ELIYA: Kabla ya kodi? Hapo napo sikubaliani.

UPENDO: Hata sijamaliza sentensi.

ELIYA: Mwenye nyumba wako akisikia, wewe na Mheshimiwa mnatolewa wote.

UPENDO: Basi, karatasi naikunja. Tutayaweka siku nyingine, au tusiyaweke.

ELIYA: Wiki ijayo tunarekodi Jumatano, Alhamisi nina mazoezi ya kwaya.

UPENDO: Zile sare mpya za kitenge! Nimeona picha. Nani kanunua?

ELIYA: Kuna mfadhili.

UPENDO: Nani?

ELIYA: Mfadhili tu.

UPENDO: Alitangazwa?

ELIYA: Fundi, zima mitambo.