Kinachomkesha mtu na kamera yake mwenyewe

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari zenu. Nimeombwa nieleze kinachomfanya mtu akeshe akichokonoa kifaa alichokinunua kwa hela yake. Nianzie dukani kwangu, hapa Mlango Mmoja, Mwanza.

Nilifungiwa kamera ya ulinzi, nikawa naliona duka kwenye simu hata nikiwa Kirumba. Siku moja nikaisoma karatasi iliyokuja nayo. Jina la kuingilia: admin. Neno la siri: admin. Nikajaribu, ikafunguka. Mikono ilinitetemeka, maana nyuma ya kaunta ile ndipo mke wangu anapombadilisha mtoto nguo.

Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu maneno ya siri kama hayo, yale ambayo vifaa hutoka nayo kiwandani. Orodha yake ilikuwa na majaribio kama 60 tu. Ikateka kamera na rekoda za watu kwa maelfu, na Oktoba zikatumwa kuielemea kwa maombi mengi kampuni ya Dyn, inayoelekeza vifaa vya watu kwenye tovuti wanazozitafuta, hadi Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa Wamarekani wengi.

Mtaniambia hao wachokonozi wanafuata hela. Hela ipo, sikatai. Netscape, kampuni ya programu ya kufungulia tovuti, ilianza kuwalipa wanaogundua kasoro za programu yake tangu 1995, na kijana anayelisha familia kwa kazi hiyo namheshimu. Lakini mtazameni Jay Radcliffe, Mmarekani mwenye kisukari. Mwaka 2011 alionyesha kule Las Vegas kwamba pampu yake ya insulini inaweza kuamrishwa na mtu mwingine kwa mawimbi ya redio. Pampu ile ilikuwa mwilini mwake! Marie Moe wa Norway naye, alipowekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, alitaka kujua programu iliyomo inafanya nini. Moyo ni wake, amuulize nani ruhusa?

Hapo vijana mnisikilize. Sheria yetu ya Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Chokonoa cha kwako. Cha jirani, hata kama mlango uko wazi, usiingie, mwambie afunge.

Mimi nilibadilisha neno la siri usiku uleule, asubuhi nikampelekea muuzaji ile karatasi. Akaniambia niache kuchokonoachokonoa, nitapoteza garantii. Nikarudi dukani, nikachukua bisibisi.